Je, asiyesoma ana sarufi? Jibu kwa mwalimu aliyekwama kwenye fasili

SWALI: "Mimi ni mwalimu mgeni kazini, nafundisha Kiswahili sekondari. Juzi niliandika ubaoni kwamba sarufi ni kanuni za kuzungumza na kuandika lugha kwa usahihi. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akauliza: 'Mwalimu, kwa hiyo bibi yangu ambaye hajasoma anaongea bila sarufi?' Nilikosa la kumwambia. Nimerudi vitabuni, nako nimechanganyikiwa zaidi. Kimoja kinasema sarufi ni kanuni, kingine kinasema ni taaluma inayochunguza lugha, cha tatu kinasema ni maarifa yaliyomo akilini mwa msemaji. Mwenzangu wa idara anashikilia kwamba wanaosema 'kitabu yangu' hawana sarufi kabisa. Moyoni sikubali, ila hoja ya kumjibu sina. Fasili ipi ndiyo ya kweli, na niwafundishe ipi?"

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza swali zuri sana, na anastahili jibu la wazi. Bibi yake ana sarufi, tena iliyokamilika, na sehemu kubwa ya sarufi hiyo aliipata kabla hajafikia umri wa kuanza shule. Ama vitabu vyako vitatu, havigombani kama unavyohofia. Kila kimoja kinazungumzia kitu chake, ila vyote vimetumia jina moja. Tatizo linaanza pale mtu anapochukua kimojawapo na kukifanya ndiyo sarufi yote, na fasili uliyoandika ubaoni ilifanya hivyo.

Kabla ya kubishana kuhusu fasili, jaribu jambo hili darasani. Waandikie wanafunzi "kitabu kinapotea", uwatake waligeuze kuwa "kitabu kinachopotea". Kisha "kitabu kilipotea" liwe "kitabu kilichopotea". Wakishazoea, wape "kitabu kimepotea" wafanye vivyo hivyo. Watatamka "kitabu kimechopotea" na hapo hapo watakataa wenyewe. Baadhi wataruka kwenye "kitabu ambacho kimepotea", wengine watarudi kwenye "kilichopotea". Sasa waulize ni nani aliyewafundisha kwamba kirejeshi, yaani ile -cho-, hakikai baada ya -me-. Wengi wao hawajawahi kusikia kanuni hiyo ikitajwa, na wazazi wao vilevile. Hata hivyo wote wanaifuata, na sikio lao linashtuka mara moja inapovunjwa.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi, kwa sababu unaonyesha jinsi kanuni hizi zinavyokwenda chini sana. Tazama kitenzi chenye mzizi mfupi, "la". Tunasema anakula, alikula, atakula, amekula. Lakini tunasema akala, akila, hula, asile. Hiyo ku- ya mwanzo imekwenda wapi? Tena simba akishamkamata mbuzi tunasema "amemla", wala hatusemi "amemkula". Ku- imeondoka tena, na mtu anaweza kudhani ni vurugu tupu.

Si vurugu. Mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kitenzi kama "soma" kina silabi mbili, hivyo mkazo unapata pa kukaa ndani ya kitenzi chenyewe: anaSOma. "La" ina silabi moja tu. Mkazo ukirudi nyuma hatua moja utaangukia kiambishi cha njeo, yaani cha wakati, na viambishi -na-, -li-, -ta- na -me- havibebi mkazo. Ndipo ku- inapoingia ili iubebe: anaKUla. Viambishi -ka-, -ki-, -si- na hu- vinaweza kuubeba vyenyewe, kwa hiyo ku- haina kazi hapo: aKAla, aKIla, HUla. Na katika "amemla", kiambishi cha yambwa, yaani ile m inayomwakilisha mbuzi, kinaubeba mkazo, ku- ikakaa kando. Kumbe vitu vilivyoonekana kutawanyika ovyo vinashikwa na kanuni moja. Mtoto wa miaka minne hajui mkazo ni nini wala yambwa ni nini, lakini "akala" na "amekula" anaziweka mahali pake.

Mtu anaweza kusema kwamba watoto wanakariri tu maneno waliyoyasikia. Hoja hiyo ilijibiwa zamani. Mwaka 1958 mwanaisimu wa Marekani, Jean Berko, aliwaonyesha watoto wadogo picha ya kiumbe cha kubuni akakiita wug, kisha akawaonyesha picha ya viwili wamalizie sentensi. Watoto walitoa wingi kwa utaratibu wa Kiingereza, ingawa neno lenyewe hakuna aliyewahi kulisikia, maana halikuwapo. Wewe unaweza kubuni la kwako. Waambie wanafunzi kuna kitenzi "kuzopa" na kingine "kuzapa", halafu uwaulize utasemaje ukitaka mtu azope kwa ajili yako, au azape kwa ajili yako. Watakwambia "anizopee" na "anizapie". Hawatakosea hiyo e na hiyo i, kwa kuwa kauli ya kutendea huchukua e baada ya irabu e na o (letea, somea), na huchukua i baada ya a, i na u (katia, pikia, fungia). Kisichokuwapo jana hakiwezi kuwa kimekaririwa. Walichonacho kichwani ni kanuni.

Basi hiyo ndiyo maana ya kwanza ya sarufi, na kwangu mimi ndiyo mama wa nyingine zote: mfumo alionao msemaji, unaomwezesha kutunga na kuelewa tungo ambazo hajawahi kuzisikia. Mwanaisimu wa Marekani, Noam Chomsky, aliuweka mbele sana katika maandishi yake ya 1957 na 1965, akatenganisha umilisi, yaani kile msemaji anachokijua, na utendaji, yaani kile kinachotoka kinywani akiwa amechoka, ana haraka au amekatizwa. Kitabu chako cha tatu kinaongea kwa sauti hiyo.

Maana ya pili ni maelezo ya mfumo huo. Mtaalamu husikiliza wasemaji, hukusanya tungo, hutafuta kanuni, kisha huandika anachokiona. Maandishi hayo nayo tunayaita sarufi, na kazi ya kuyaandika ni taaluma. Hapo ndipo kilipo kitabu chako cha pili. Ni kazi ya kale na ya heshima. Pāṇini wa India, karne kadhaa kabla ya Kristo, aliieleza Kisanskriti kwa kanuni fupi fupi zipatazo 4,000. Sibawayhi, mzaliwa wa Uajemi wa karne ya 8, aliandika maelezo makubwa ya Kiarabu, na alithamini sana usemi wa Waarabu wa jangwani kama ushahidi. Kiswahili kilipata sarufi yake ya kwanza ya kuchapishwa mwaka 1850 kutoka kwa Johann Ludwig Krapf, kisha ile ya Edward Steere mwaka 1870. Kama sarufi ingekuwa kitabu, tungelazimika kusema kwamba waliotunga tenzi za Kiswahili katika karne ya 18 walitunga bila sarufi. Mwambie mwanafunzi wako hivyo.

Tofauti kati ya maana hizi mbili inaonekana vizuri sana kwenye ngeli, na wewe unaifundisha kila muhula. Kuna wanaozipanga ngeli kwa umbo la nomino: M-WA, M-MI, KI-VI. Kuna wanaozipanga kwa upatanisho: A-WA, U-I, KI-VI. Kwa mpangilio wa kwanza, "kifaru" anakaa na "kitabu", kwa sababu ya ki- yake. Kwa mpangilio wa pili anakaa na "mtu", kwa kuwa tunasema "kifaru mkubwa amelala", hatusemi "kifaru kikubwa kimelala". Wanafunzi hudhani mtaala ulipobadilisha ngeli, lugha nayo ilibadilika. Lugha haikutikisika. Wasemaji waliendelea kusema "kifaru amelala" kama walivyosema siku zote, na kilichobadilika ni maelezo. Maelezo yanaweza kuwa mazuri au mabaya, mapana au finyu, na yanaweza kukosea. Sarufi iliyo kwa wasemaji haiwezi kukosea kwa namna hiyo, kwa sababu yenyewe ndiyo inayoelezwa.

Maana ya tatu ni ile uliyoiandika ubaoni: kanuni za usahihi, au sarufi elekezi. Ni vizuri ujue imetoka wapi, maana haikuzuka tu. Dionysius Thrax, Mgiriki aliyeandika yapata mwaka 100 kabla ya Kristo, aliieleza sarufi kuwa ni ujuzi wa namna washairi na waandishi wa nathari wanavyosema kwa kawaida. Lengo lilikuwa kusoma maandishi ya wakubwa waliotangulia. Baadaye Ulaya ilijifunza Kilatini kwa karne nyingi wakati hakuna tena mtoto aliyekipata kama lugha ya kwanza. Lugha isiyo na wasemaji wazawa haina wa kuulizwa, hivyo kitabu ndicho kikawa mwamuzi. Mazoea hayo yakahamishiwa kwenye lugha hai. Robert Lowth, ambaye sarufi yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1762, aliorodhesha makosa hata katika maandishi ya Shakespeare. Fikiria maana yake: kanuni imewekwa juu, na bingwa wa lugha yenyewe anahukumiwa kwayo.

Sisemi sarufi elekezi ni takataka. Jamii kubwa inayoandikiana mitihani, sheria na magazeti inahitaji makubaliano, na Kiswahili sanifu ni makubaliano ya aina hiyo. Mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar, kilichaguliwa kuwa msingi wake, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia usanifishaji. Angalia neno hilo, "kilichaguliwa". Kimvita, lahaja ya Mombasa ambayo mshairi Muyaka alitungia mashairi yake, hakikuachwa kwa kukosa kanuni. Uchaguzi wa lahaja sanifu ni uamuzi wa kijamii na wa kiutawala, na una faida zake, lakini hauwapi wengine cheti cha kukosa sarufi.

Hapo ndipo tunapofika kwa mwenzako na "kitabu yangu". Msikilize kwa makini mtu anayesema hivyo. Atasema "kitabu yangu imepotea", na wingi atasema "vitabu zangu zimepotea". Hasemi "yangu kitabu". Hasemi "kitabu zangu" akiwa na kimoja. Hawezi kusema "imepoteani" wala "poteaime". Kwa hiyo upatanisho upo, mpangilio wa maneno upo, mpangilio wa viambishi upo. Alichofanya ni kupunguza ngeli katika upatanisho, vitu visivyo na uhai vikafuata i- katika umoja na zi- katika wingi. Huo ni mfumo tofauti na ule wa Kiswahili sanifu, lakini ni mfumo. Mwenzako ana haki ya kusema: "Hiyo si sarufi ya Kiswahili sanifu, na kwenye mtihani utapoteza alama." Hana haki ya kusema: "Huyo hana sarufi." Sentensi ya kwanza inamsaidia mwanafunzi. Ya pili inamtukana, na zaidi ya hapo si kweli. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona jinsi mtoto anayeambiwa kwamba usemi wa nyumbani kwao ni ovyo anavyonyamaza darasani, na anayenyamaza darasani hajifunzi hata hicho Kiswahili sanifu tunachomtakia.

Na wala si kila kosa la daftarini ni kosa la sarufi. Anayeandika "kwasababu" badala ya "kwa sababu" ana tatizo la tahajia. Anayechanganya r na l ana suala la matamshi, ambalo mara nyingi limetoka katika lugha yake ya kwanza. Ukiandika "sarufi!" kwa kalamu nyekundu juu ya vyote hivyo, mwanafunzi hatajua arekebishe nini.

Sasa fasili. Mimi ningeandika hivi ubaoni: sarufi ya lugha ni mfumo wa kanuni ambao wasemaji wake wanaujua, mara nyingi bila kujitambua, na ambao kwao sauti au ishara huungwa kuwa maneno, maneno huungwa kuwa tungo, na tungo hupata maana. Kisha ningeongeza chini yake: maelezo ya mfumo huo nayo huitwa sarufi, na kanuni zilizokubaliwa kwa matumizi rasmi huitwa sarufi elekezi. Mpangilio huo una sababu. Bila mfumo hakuna cha kueleza, na bila maelezo hakuna cha kuchagulia kanuni rasmi.

Nimesema "au ishara" makusudi. Lugha za alama za viziwi zina sarufi kamili, jambo ambalo William Stokoe alilitetea kwa lugha ya alama ya Marekani mwaka 1960 wakati wengi waliziona kuwa maigizo ya mikono. Nchini Nikaragua, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto viziwi waliokusanywa katika shule za Managua walianza kujenga lugha ya alama ambayo hakuna mtu mzima aliyewafundisha, na wadogo waliowafuata wakaifanya iwe na utaratibu mwingi zaidi. Fasili inayotaja "kuzungumza na kuandika" tu inawaacha nje watu hao wote, pamoja na wasemaji wa lugha nyingi duniani ambazo hadi leo haziandikwi.

Utakuta pia ubishi kuhusu ukubwa wa eneo la sarufi. Wapo wanaoifunga kwenye maumbo ya maneno na muundo wa sentensi, yaani mofolojia na sintaksia. Wengine, nami nikiwamo, wanaingiza fonolojia na semantiki, yaani sauti na maana. Ukirudi kwenye "anakula" na "akala" utaona kwa nini: huwezi kueleza umbo la kitenzi hicho bila kugusa mkazo, na mkazo ni suala la sauti. Kuhusu maana kuwe na tahadhari kidogo. "Mawe yasiyozaliwa yanakumbuka harufu ya kesho" ni sentensi isiyoeleweka, lakini kila msemaji anahisi kwamba imejengwa sawasawa. "Kesho mawe ya harufu yanakumbuka yasiyozaliwa ya" haikujengwa. Kwa hiyo usarufi wa sentensi na busara ya sentensi ni mambo mawili.

Fasili yangu haimalizi kila ubishi, na usiwafiche wanafunzi wakubwa. Nikisema "wasemaji wanaujua", ni wasemaji gani, iwapo hata ndugu wawili hawafanani kila neno? Tunapochora mstari na kusema "hii ni lugha moja" tunarahisisha. Kuna pia mgogoro mkubwa wa kitaaluma: je, mtoto huzaliwa na sehemu ya mfumo huo, kama Chomsky anavyoshikilia, au huujenga wote kutokana na usemi anaousikia na matumizi yake? Fasili ya darasani isijaribu kuamua hilo. Na mpaka kati ya sarufi na msamiati una ukungu. Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga deki. Je, hiyo ni kanuni au ni orodha ya kukariri? Wataalamu hawajaafikiana, na sioni aibu kulisema hilo mbele ya darasa.

Unauliza uwafundishe ipi. Kwa kidato cha kwanza, toa maana ya kwanza kwa lugha nyepesi, uonyeshe jaribio la "kimechopotea", kisha uwaambie kwamba shuleni mtashughulika hasa na sarufi ya Kiswahili sanifu kwa sababu ndiyo inayotahiniwa na ndiyo itakayowafungulia ofisi. Hiyo ni sababu ya kweli na inatosha, bila kumdharau bibi wa mtu. Kwa wakubwa, wape maana zote tatu na uwatake waseme kila sentensi ya kitabu inatumia ipi. Wakikutana na swali la mtihani, "Fafanua dhana ya sarufi", jibu linalotaja maana moja tu halitoshi.

Mambo mawili hayamalizwi kwa maandishi kama haya. La kwanza ni la kitaaluma: kama unaandaa mwongozo wa shule nzima au unaandika tasnifu, keti ana kwa ana na msimamizi wako au mkuu wa idara mkubaliane mnatumia mkabala upi, kwa kuwa sarufi mapokeo, sarufi miundo na sarufi geuzi zalishi hazitumii istilahi kwa namna moja. La pili ni la kiafya, na walimu huwa wa kwanza kuliona. Mwanafunzi anayechanganya ngeli anahitaji mazoezi. Mwanafunzi ambaye hawezi kuunga sentensi hata katika lugha ya nyumbani kwao, anayeacha viambishi ambavyo wenzake wadogo wanavitumia bila taabu, anahitaji kupimwa usikivu na kuonwa na mtaalamu wa matatizo ya lugha, si adhabu ya kuandika kanuni mara hamsini. Zungumza na wazazi mapema. Na mtu wa umri wowote aliyekuwa akiongea vizuri, akaanza ghafla kutoa maneno mamoja mamoja yasiyoungana, huenda amepata kiharusi, hasa uso ukilegea au mkono ukikosa nguvu upande mmoja. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.